"Hakuna Kilichoota": kidonda cha moto na kalcha tatu za mgonjwa mmoja

Ninafanya kazi ya maabara, upande wa bakteria, katika hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Kisa hiki ni cha mama aliyelazwa kwetu kwa majeraha ya moto. Kila kitu kinachoweza kumtambulisha nimekiondoa, na mwenyewe aliridhia kisimuliwe. Nakiandika kwa sababu majibu mawili ya kwanza ya kalcha zake, yaani vipimo vya kuotesha bakteria wa kidonda kwenye sahani, yalitoka mezani kwangu yakiwa na sahihi yangu, na kimaabara yote mawili yalikuwa sawa. Sahani zilisomwa vizuri na dawa za kupimia hazikuwa zimepitwa na wakati. Hata hivyo jibu la kwanza lilimchomesha sindano asizozihitaji, na la pili lilikaribia kumnyima matibabu aliyoyahitaji siku ileile.

Alikuwa mama lishe, miaka thelathini na kidogo. Alfajiri akichochea jiko la mkaa, pindo la dera likashika moto. Dera la polista haliungui kama kanga ya pamba. Linayeyuka na kugandia mwilini. Alifika akiwa ameungua asilimia 22 ya mwili: tumbo, nyonga ya kushoto, na paja la kushoto upande wote wa mbele. Tumboni na nyongani palikuwa na malengelenge, rangi ya waridi, na maumivu makali, na maumivu hayo ni dalili njema kwa sababu ngozi ya chini iko hai. Paja lilikuwa jambo jingine. Ngozi yake ilikuwa imekakamaa kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma, nyeupe yenye mabaka ya kahawia, na akichomwa sindano hasikii. Hilo ndilo gamba: ngozi iliyokufa, na mishipa midogo ya damu chini yake imeziba. Naomba msomaji alikumbuke gamba hilo, maana kisa chote kinalizunguka.

Alipewa maji ya dripu, sindano ya pepopunda na dawa za maumivu. Kidonda kilisafishwa kila siku, kikapakwa krimu nyeupe ya silva salfadayazini, dawa ya kuua bakteria juu ya kidonda, na kufungwa. Antibaotiki hakuandikiwa, na hilo lilikuwa sahihi kabisa. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa majeraha ya moto, uliotolewa mwaka 2016, unasema wazi kwamba antibaotiki za kinga zisitolewe kwa mtu aliyeungua karibuni.

Jibu la kwanza

Siku ya 4 ililetwa swabu, kijiti chenye pamba kilichopitishwa juu ya kidonda. Kwenye fomu, mahali pa maelezo ya mgonjwa, paliandikwa maneno mawili tu: "kuungua moto". Nesi aliyeichukua aliniambia baadaye kwamba alipitisha pamba juu ya ute wa kidonda mara tu bandeji ilipofunguliwa, kabla ya kuosha. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo wengi wanavyofanya.

Niliipanda kwenye sahani za agari ya damu na agari ya MacConkey, vyakula vya kuoteshea bakteria, nikaiacha katika inkubeta usiku kucha kwa nyuzi 35. Asubuhi sahani zilikuwa zimejaa. Kulikuwa na Pseudomonas aeruginosa, mwenye ile rangi ya kijani na harufu tamu ya zabibu zilizoiva kupita kiasi. Kulikuwa na Staphylococcus aureus. Na Klebsiella pia alikuwepo. Nikapima dawa kwa vidonge vya karatasi vyenye dawa, nikapima kwa rula duara lisiloota kitu kuzunguka kila kidonge. Kwa Pseudomonas, duara la seftazidimu lilikuwa milimita 22, maana yake dawa inamuua. Siku ya 7 majibu yakatoka: Pseudomonas, wengi sana, na orodha ya dawa.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa na joto la 38.4 na mapigo ya moyo 104. Daktari kijana wa wodi aliunganisha mambo hayo mawili, homa na karatasi yangu, akaandika seftazidimu ya mshipa. Simlaumu. Karatasi yenye jina la mdudu na dawa inayomuua ni kama amri. Lakini mtu aliyeungua asilimia 22 anakuwa na homa hata kama hana maambukizi yoyote. Mwili wake unachoma chakula kwa kasi na moyo unakimbia, hali inayoweza kudumu kwa wiki. Kidonda chenyewe siku hiyo kilikuwa kimetulia. Kingo zilikuwa safi, gamba kavu, na alikuwa akila uji na kuulizia watoto wake.

Sasa, bakteria wale walitoka wapi? Moto unapounguza ngozi unaua karibu bakteria wote wa juu. Wanaosalia wamejificha ndani, kwenye mashina ya vinyweleo na matundu ya jasho, na ndio wa kwanza kurudi ndani ya siku mbili. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza wanaongezeka wengine kutoka tumboni mwa mgonjwa mwenyewe, mikononi mwetu, kwenye maji na kwenye toroli ya bandeji. Kwa hiyo ukipitisha swabu juu ya kidonda cha moto cha siku nne au tano, karibu kila mara utaota kitu. Bakteria wametua. Kutua si kuvamia. Nzi akitua kwenye bamba la mlango, huwezi kusema ameingia ndani ya nyumba.

Swabu haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Inagusa juu tu. Wanaovamia wako chini ya gamba, kwenye nyama hai, ambako pamba haifiki.

Jibu la pili

Ijumaa, siku ya 10, akiwa na siku ya tatu ya sindano, swabu ya pili ilichukuliwa "kuangalia kama dawa imefanya kazi". Mirija yenye kilishi cha kusafirishia sampuli, kinachowaweka bakteria hai njiani, ilikuwa imeisha, basi pamba ikarudishwa kavu kwenye mrija wake. Ilikaa juu ya meza ya wodi hadi Jumamosi asubuhi ilipoletwa. Mwenzangu wa zamu akaipanda. Jumatatu, siku ya 13, nilikuta sahani ni tupu, nikaziangalia upya kwenye mwanga, nikaandika: "Hakuna kilichoota baada ya saa 48." Nikasaini.

Sikuandika neno jingine lolote. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nilijua fomu haikutaja krimu wala sindano, na sikunyanyua simu kuuliza.

Saa tatu na nusu asubuhi simu ikalia. Alikuwa sista mkuu wa wodi ya majeraha, mama aliyefanya kazi hiyo tangu mimi niko shule ya msingi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Karatasi yenu inasema hakuna kitu. Mimi nimefungua bandeji sasa hivi, paja limeanza kuwa jeusi. Njoo uone kwa macho yako."

Nilikwenda. Mwaka mzima nilikuwa nimepokea sampuli kutoka wodi ile bila kuingia mlangoni. Juu ya paja, mahali ambapo gamba lilikuwa jeupe, palikuwa na mabaka ya zambarau iliyoiva hadi weusi, makubwa kama sarafu ya shilingi mia. Ngozi nzima iliyopakana nayo ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu ya kuiva. Nyongani, pale palipokuwa waridi na penye kuuma, palikuwa pamegeuka pakavu, peupe, pasipohisi. Kidonda cha juu kilikuwa kimegeuka kidonda cha kina kikiwa mikononi mwetu. Harufu niliitambua kabla sijafika kitandani, ni ileile ya sahani zangu.

Na mgonjwa mwenyewe: joto lilikuwa limeshuka hadi 36.1, na watu wawili waliopita raundi walifurahi kwamba homa imeondoka. Mapigo 128. Anapumua mara 30 kwa dakika. Sukari 12.4, naye hana kisukari. Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, 88,000. Tangu Jumapili uji haukai tumboni, na alikuwa akiwaita watoto wake kama vile wamesimama pale.

Chama cha Marekani cha majeraha ya moto kilikubaliana mwaka 2007 kuhusu dalili za kumtilia shaka mgonjwa wa moto kwamba maambukizi yameingia mwilini: joto kupita 39 au chini ya 36.5, mapigo zaidi ya 110, pumzi zaidi ya 25, chembe sahani chini ya 100,000, sukari kupanda bila kisukari, na chakula kutopita kwa saa 24. Zikitimia tatu, lazima uanze kutafuta chanzo na kutibu. Huyu alikuwa nazo zote sita. Lakini kwenye faili, chini ya majibu yangu, palikuwa pameandikwa: "Kalcha safi. Simamisha sindano, endelea na bandeji."

Kwa nini sahani ilikuwa tupu

Sababu ziko kadhaa na hazina uzito sawa. Swabu kavu iliyokaa usiku mzima inapoteza bakteria. Mgonjwa alikuwa kwenye antibaotiki. Hizo zinajulikana. Iliyo kubwa zaidi kwa maoni yangu ilikuwa krimu, na niliithibitisha wiki ileile. Nilimwaga bakteria wa mgonjwa huyuhuyu, niliowapata baadaye, juu ya sahani nzima, nikaweka katikati tone la krimu kutoka kopo la wodi, ukubwa wa punje ya mchele. Kesho yake sahani ilikuwa ya kijani kila mahali, isipokuwa duara safi kuzunguka lile tone.

Pamba iliyopita juu ya kidonda kilichopakwa krimu inabeba bakteria pamoja na dawa ya kuwaua, na dawa hiyo inaendelea kufanya kazi juu ya sahani yangu. Si hivyo tu. Silva salfadayazini haipenyi gamba vizuri. Inatuliza juu, haifiki chini. Kwa hiyo kidonda kinaweza kuwa kimya kabisa pale swabu inapogusa, huku milimita chache chini ya hapo bakteria wanaenea wapendavyo kwenye nyama isiyo na damu ya kuleta chembe nyeupe wala sindano ya mshipa. Gamba linawakinga kwa pande zote mbili.

Kwa hiyo majibu ya kwanza yalionyesha bakteria wengi mahali pasipokuwa na ugonjwa, na ya pili yakaonyesha pasafi mahali penye ugonjwa wa kuua.

Kipande cha nyama

Daktari bingwa wa upasuaji alifika saa nne. Alitazama paja, akabonyeza kingo kwa kidole, hakuomba karatasi yoyote. Akasema anaingia naye chumba cha upasuaji mchana huo. Nikamwomba vipande viwili.

Niliingia nao. Krimu yote ilioshwa kwa maji ya chumvi hadi gamba likawa tupu. Alikata kwa kisu kipande chenye umbo la mbegu ya boga kutoka ukingoni mwa baka jeusi, akahakikisha kisu kimefika kwenye nyama inayotoa damu, kwa sababu bila nyama hai huwezi kujua kama wamevuka mpaka. Kipande cha pili alikikata sentimita 8 kutoka hapo, mahali palipoonekana hapana tatizo. Kila kimoja tukakigawa, nusu kwenye fomalini kwa ajili ya daktari wa patholojia, nusu kwangu. Chupa ya damu ya kuotesha ilichukuliwa pia kabla ya dawa mpya kuanza.

Nusu yangu ya kwanza ilikuwa na uzito wa gramu 0.25. Niliisaga kwa kinu kidogo cha kauri na mchi wake, vyote vimepita kwenye mvuke, ndani ya mililita 2.25 za maji ya chumvi. Kabla ya kupanda chochote nilipaka tone kwenye kioo, nikalitia rangi ya Gramu, inayogawa bakteria makundi mawili (Gramu hasi, kama Pseudomonas, huonekana wekundu), nikatazama kwa hadubini. Vijiti vyekundu, vingi, kila nilipopeleka lenzi. Nikapiga simu chumba cha upasuaji: bakteria wa Gramu hasi, wengi, ndani ya nyama. Ilikuwa haijatimia saa moja tangu kipande kikatwe. Daktari akaachana na seftazidimu, akaanza meropenemu na amikasini palepale, huku akiendelea kuondoa gamba hadi kwenye nyama inayovuja damu. Tone lile kwenye kioo ndilo jibu la maabara lililomsaidia mama yule kuliko sahani zote nilizomwandikia.

Kisha nikayeyusha mara kumi, tena mara kumi, tena mara kumi, nikapanda sehemu moja ya kumi ya mililita kutoka kila mrija. Siku iliyofuata niliweza kuhesabu sahani ya mwisho tu: koloni 34, sawa na bakteria 3,400,000 kwa gramu moja ya nyama. Kipande cha pili, cha sentimita 8 pembeni, kwenye sahani ya mrija wa kwanza kilitoa koloni 20: bakteria 2,000 kwa gramu. Kidonda ni kimoja, paja ni moja, saa ni ileile. Kama bahati ingetuelekeza kukata kipande cha pili peke yake, ningeandika namba ndogo ya kumtuliza kila mtu.

Duara la seftazidimu safari hii halikuwepo. Bakteria waliota hadi ukingo wa kidonge. Awe ni yuleyule aliyezoea dawa au mwingine aliyetoka kitanda cha jirani, zile siku sita za sindano zisizohitajika ndizo zilizomsafishia njia. Chupa ya damu haikuota kitu kwa siku tano.

Namba ya laki moja

Kwa nini tunahesabu kwa gramu? Hesabu hii ina historia. Katika taasisi ya upasuaji ya jeshi la Marekani huko San Antonio, Texas, Carl Teplitz na wenzake walichapisha mwaka 1964 kazi waliyoifanya kwa panya waliounguzwa na kupakwa Pseudomonas. Walifuatilia jinsi bakteria wanavyoshuka kutoka juu ya gamba hadi nyama hai na kuzunguka mishipa ya damu. Kutokana na kazi za kituo hicho namba ya bakteria laki moja kwa gramu ya nyama ikashika: chini yake wametua, juu yake wamevamia. Ilikuwa namba rahisi kukumbuka, na ikaenea dunia nzima hadi kwenye vitabu tulivyosomea chuoni.

Kinachosemwa mara chache ni kwamba taasisi hiyohiyo ilirudi kuikagua. Mwaka 1987 walichapisha matokeo ya kugawa kila kipande sehemu mbili kama tulivyofanya sisi, moja kwa kuotesha na nyingine kwa hadubini. Vipande vyenye chini ya laki moja, karibu vyote havikuonyesha uvamizi. Lakini kati ya vile vilivyovuka laki moja, ni kiasi cha theluthi moja tu ambavyo hadubini ilikuta bakteria kwenye nyama hai. Katika theluthi mbili, bakteria walikuwa wamejazana ndani ya ngozi iliyokufa tu, basi. Kwa hiyo hata kalcha ya kipande cha nyama, iliyopimwa kwa mizani na kuhesabiwa kwa uangalifu, haitoshi kusema mgonjwa ana maambukizi. Namba yangu ya 3,400,000 ilikuwa na maana kwa sababu ya paja lililokuwa jeusi na mama aliyekuwa akiwaita watoto. Ningeipata kwa mtu anayekula vizuri na kidonda chake kimetulia, ningemwambia daktari asianze sindano.

Hadubini ndiyo shahidi mwenye nguvu zaidi, nayo kwetu ina tatizo la umbali. Vipande vya fomalini vilikwenda hospitali ya kanda. Jibu lilirudi siku ya 22: vijiti vingi kwenye mafuta yaliyo hai chini ya ngozi, vimezunguka mishipa midogo ya damu. Lilithibitisha kila alichokiona sista kwa macho siku ya 13. Kumngoja shahidi huyo ili kutibu kungekuwa ni kumzika mgonjwa.

Sisemi kalcha iachwe. Bila orodha ya dawa za sampuli ya tatu tusingejua kwamba amikasini pekee ingetosha kuendelea nayo, na meropenemu, dawa tunayotakiwa kuitunza kama mboni ya jicho, ilisimamishwa mapema. Kalcha za mara kwa mara zinatuambia pia bakteria gani wanazunguka wodini mwezi huu. Na kuna mmoja ambaye hata swabu ya juu ikimpata, awe wengi au wachache, lazima daktari aambiwe siku hiyohiyo: Streptococcus pyogenes. Huyo anayeyusha ngozi iliyopandikizwa kwa siku chache. Siku mbili kabla ya upandikizaji wa mama huyu nilichukua swabu mwenyewe kumtafuta yeye tu, baada ya krimu kuoshwa na kidonda kuachwa na shashi yenye maji ya chumvi usiku mzima. Nilibonyeza pamba na kuizungusha juu ya nyama safi hadi majimaji ya ndani yalipotoka. Hakuwepo.

Ngozi ilitolewa paja la kulia, ikapandikizwa siku ya 24. Ilishika sehemu kubwa. Kipande cha ukubwa wa kiganja karibu na nyonga kilikufa kikapandikizwa tena. Aliondoka siku ya 51 akitembea kwa gongo, goti likiwa bado gumu, na alirudi kwa mazoezi ya viungo kila Jumanne kwa miezi minne.

Baada yake tulikaa na wodi tukabadilisha fomu. Sasa inauliza kama kidonda kimeoshwa kabla ya sampuli, krimu gani imepakwa na lini, mgonjwa yuko kwenye dawa gani, na kidonda kimebadilika nini tangu jana. Fomu yenye nafasi hiyo ya mwisho tupu hairudishwi, tunapiga simu. Majibu ya "hakuna kilichoota" kutoka kidonda chenye krimu hayatoki tena bila maelezo kwamba hayaondoi uwezekano wa maambukizi. Na kila Jumatatu na Alhamisi, saa ya kufungua bandeji, mmoja wetu wa maabara anakuwepo wodini. Wiki ya kwanza sista alinisimamisha kitandani kwa mtoto mmoja, akanifunika macho kwa kitambaa safi, akafungua bandeji. "Haya, niambie," akasema. Nilivuta pumzi. Hapakuwa na harufu yoyote isipokuwa ya krimu na sabuni.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ukiijua hii, ile nyingine haitakupita."